Kukinga, Siyo Kufunga

Dada yangu akirudi kazini haingii ndani moja kwa moja. Hukaa kwanza kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akavua viatu, akanyoosha miguu, akatulia kama mtu aliyesahau alichofuata. Ukimsalimia wakati huo haitikii. Nilishamzoea. Namletea beseni la maji ya vuguvugu, naliweka pembeni, naondoka zangu. Baadaye namsikia akishusha pumzi, ndipo najua kwamba amefika nyumbani mzima mzima, siyo kiwiliwili tu.

Ni muuguzi wa zahanati ya mtaa wetu, na kazi yake kubwa ni chanjo za watoto. Mtaa mzima unamwita Sindano. Watoto wakimwona kwa mbali hukimbilia nyuma ya sketi za mama zao. Mama mwenye mtoto mtukutu husema, "Namwita Sindano sasa hivi," na mtoto anatulia tuli. Dada hulichukia hilo kuliko kitu chochote. Amewaambia kina mama mpaka mate yamemkauka: mkinifanya mimi zimwi la kutishia watoto, msije kunililia kwamba watoto hawataki kuchanjwa. Wanacheka. Wanasema, "Naye Sindano, hataniwi!"

Mimi ni mdogo wake, msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo ya mama, kinatazama barabarani, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuhadithiwa. Uzushi wa mtaa huu hupikwa kwenye viti vyangu viwili, mimi mwenyewe nikiwa nimeshika kitana. Na niseme mapema kwamba subira ya dada sinayo. Mtu akiropoka upuuzi huku kichwa chake kiko mikononi mwangu, namvuta nywele, halafu namwambia pole.

Nyumbani tuko wanne. Kuna mama yetu, aliyekula chumvi nyingi lakini masikio yake yanasikia hata usichokisema. Kuna dada, kuna mimi, na kuna binti wa dada, tunayemwita Kasuku kwa sababu tangu alipojua kusema hajanyamaza. Kasuku amelelewa na mama. Dada alikuwa na zamu zake, mara asubuhi mara usiku, na baba wa mtoto alishaondoka zamani bila hata kuaga. Mtoto akala na bibi yake, akalala na bibi yake, na homa zake zote zikapita mgongoni kwa bibi yake. Kwa hiyo jambo la Kasuku likitokea, anayeulizwa kwanza ni mama. Hatukukaa kikao kulipanga hilo, ndivyo lilivyo tu.

Sasa ikaja chanjo ya wasichana.

Ilikuwa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, itolewe shuleni wiki nzima kwa wasichana wa umri wa Kasuku. Zahanati ikamtuma Mzee Spika apige mbiu. Huyu ndiye mtangazaji wetu. Vifo, mbuzi waliopotea, mikutano, viatu vya mtumba, yote hupitia kinywani kwake na kwenye spika aliyoifunga kwenye baiskeli kwa mpira. Spika yenyewe ilinyeshewa, na tangu hapo inameza maneno. Na Mzee Spika naye, sentensi ilivyokuwa ndefu na mlima ulivyokuwa mkali, akaanza kupunguza mzigo. Asubuhi aliisema yote. Kufika mchana, saratani ilikuwa imemdondoka njiani. Alipopita mbele ya saluni yangu jioni, tulichosikia ni hiki: "Wasichana wote... shuleni... chanjo ya ku-krrr-nga mlango wa kizazi!"

"Ya kufanya nini?" akauliza mteja niliyekuwa namsuka.

"Kufunga," akajibu mwenzake wa kiti cha pili. "Kufunga mlango wa kizazi."

Na kwa haki kabisa, ungetegemea wasikie nini? Mlango una kazi mbili tu, kufunguliwa na kufungwa. Nani amewahi kusikia mlango unakingwa? Nikawaambia ni kukinga, jamani, kukinga. Mmoja nikamvuta nywele kwelikweli. Lakini kabla sijamaliza kusuka kichwa kile, neno lilishavuka barabara, likaingia duka la nyama, likatokea kisimani. Kesho yake wateja wapya waliniletea habari hiyohiyo kama mzigo mpya, ikiwa imetiwa chumvi: wasichana wa mtaa wa pili wameshafungwa, na mmoja amezimia.

Dada hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alikaa kwenye kizingiti chake, akasikiliza niliyomsimulia, akasema, "Basi nitapita." Na tangu siku hiyo, akitoka zahanati, badala ya kuja kulowesha miguu, alipita nyumba kwa nyumba. Wimbo wake ulikuwa mmoja: ni kukinga, siyo kufunga. Sauti ilianza nzito, ikamalizia kwa mkwaruzo.

Siku moja wateja walinikauka, nikafunga saluni nikamsindikiza. Tulianzia kwa muuza nyama, mwenye mabinti wawili.

"Sista," akasema huku anapangusa kisu, "mimi dawa ya kichwa nanunua. Mke wangu alipokwenda kujifungua, mlituambia tuje na glavu, tuje na pamba, tuje na wembe. Leo mnaniletea kitu cha bure mpaka shuleni, hata nauli hamniombi. Mimi nauza nyama, bwana. Ukiona nyama ya bure, jua ni mfupa mtupu."

Nilikuwa na jibu la kumkata maini. Dada akanigusa mkono. "Hilo la glavu ni kweli," akamwambia. "Hata sisi linatuumiza." Akaeleza ya kwake, muuza nyama akasikiliza kwa adabu zote, akatufungia na utumbo kidogo wa kupeleka nyumbani. Mabinti hakusema atawaleta.

Kwa fundi cherehani mambo yalikuwa mafupi. Hakuinua hata macho kwenye mshono. "Siogopi sindano yako," alisema. "Naogopa midomo yenu. Nilikuja na mwanangu mchanga, kadi yake imepotea, mwenzako akanisema mbele ya watu mpaka nikalia. Sijarudi tena pale."

"Ni mimi niliyekusema?" dada akauliza.

"Hapana. Wewe ulikuwepo. Ulinyamaza."

Dada alisimama pale huku cherehani ikinguruma. Akasema pole. Fundi akasema haya. Tukaondoka.

Njiani nilimwambia awaache, wakiugua watamtafuta wenyewe. Akaniangalia kama mtu anayetazama mlima ambao bado hajaupanda. "Wakiugua huo ugonjwa," alisema, "huwa wananitafuta wakiwa wamechelewa." Nilimshikia mkoba wake, maana bega lilikuwa limeinama upande mmoja.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya jirani yetu, mama wa mapacha. Huyu hakukataa wala hakukubali. Aliegemea fremu ya mlango, akatabasamu, akauliza swali moja tu: "Na wako je, ameshachanjwa?"

"Zamu ya darasa lake bado. Itakuwa siku ya mwisho."

"Haya. Basi tutamwangalia wako kwanza."

Hapo ndipo kila kitu kiliponing'inia. Kabla giza halijaingia mtaa mzima ulikuwa unamsubiri Kasuku. Kama Kasuku angeingia kwenye darasa lile na kutoka salama, wengi wangeleta mabinti zao jioni hiyohiyo. Kama asingeingia, dada angeweza kuimba wimbo wake mpaka koo lipasuke, asingepata hata mmoja. Na angejiuliza mwenyewe anatembea kwa ajili gani.

Mama alikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo. Kasuku kando yake anasimulia habari za mwalimu wao aliyekalia chaki. Dada akavua viatu, akasema kirahisi tu, kama mtu anayeomba chumvi, "Mama, keshokutwa huyu atachanjwa shuleni."

"Hachanjwi," akasema mama.

Mkono wake haukusimama. Maharage yaliendelea kudondoka.

Dada akavuta kigoda. Akaanza na ile sauti yake ya zahanati, ya polepole, ya kumwambia mtu kitu kana kwamba anamlisha uji. Akasema mama asiwasikilize watu wa saluni. Akasema spika ya mzee ni mbovu. "Watu wamesikia kufunga, mama, lakini neno lenyewe ni kukinga. Ku-ki-nga."

"Unanifundisha kuongea?"

"Hapana, mama. Nakueleza tu."

"Mzee Spika siku ile alipita hapa asubuhi, spika yake ikiwa bado ina nguvu. Nimesikia vizuri. Amesema kukinga." Mama akautua ungo chini. "Na mimi waliniambia kukinga."

Kasuku aliacha kusimulia.

"Huyu," mama akanionyesha mimi kwa kidole, "alinisumbua kutoka. Wakanipasua. Nilipozinduka alikuja bwana mmoja mwenye miwani, kijana msafi, ana heshima zake. Akaniambia, mama, mtoto mzima, na wewe tumekukinga, usiwe na wasiwasi. Nikajua ni dawa. Nikajua ni ya homa, au ya damu, nitajuaje? Nikamwambia asante." Akatutazama sote. "Nilimwambia asante, mnasikia?"

Akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Nikakaa nasubiri. Baba yenu anasubiri mtoto wa kiume. Alisubiri, akachoka, akaenda kusubiri kwa mwingine. Mama yake alikuwa ananiita gogo. Nilikunywa mizizi ya kila aina, nyingine ilinitapisha siku nzima. Halafu mwaka ule nilioumwa tumbo, daktari wa kike akanipima, akaniuliza, mama, kwani hujui? Wewe ulifungwa siku nyingi."

"Na hukumwambia baba?" nikauliza. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Nikamwambie nini? Kwamba walinifunga, nami nikashukuru?"

Maisha yangu yote nimejigamba kuwa kitinda mimba. Kitinda mimba anadekezwa, kitinda mimba hapigwi, kitinda mimba ndiye anayelamba sufuria. Nilidhani ni Mungu aliyeniweka mwisho. Jioni ile nilikaa pale uani nikiwawaza wadogo zangu ambao hawakuja, na damu ikanichemka hadi nikatamani kupiga kitu. Nilimchukia yule mwenye miwani, ambaye pengine alishakufa kitandani kwake kwa amani. Nilimchukia hata dada kwa dakika kadhaa, kwa ajili ya ku-ki-nga yake.

Dada alikuwa anatazama mikono yake. Mama akaokota ungo, akaendelea kuchambua, na maji ya miguu niliyokuwa nimemwekea dada yakapoa bila kuguswa.

Kesho yake hakupita nyumba yoyote. Alikwenda kazini, akarudi, akalala na nguo za kazi. Mimi saluni nilikuwa na kazi ya kuuma meno. "Vipi, Sindano atamchanja wa kwake?" wakauliza. "Au anatuchanjia wetu tu?" Nikasema sijui. Siri ile haikuwa yangu, na nywele za siku hiyo nilizisuka kwa kubana mpaka wateja walilia.

Siku ya mwisho dada aliamka mapema, akavaa sare, akaingia chumbani kwa mama. Mlango ulikuwa wazi, mimi nilikuwa nafagia korido. Nilimwona akikaa chini, sakafuni, mama yuko kitandani. Sauti ya zahanati hakuwa nayo.

"Mama, sikuja kukubembeleza. Nimekuja uniulize. Ninachokijua nitakwambia, nisichokijua nitasema sijui. Ukimaliza kuuliza, ukisema hapana, ni hapana. Sitamchanja kwa mlango wa nyuma."

"Na watu wako?"

"Waseme wanavyotaka. Midomo ni yao."

Mama alifikiri kwanza. Halafu akauliza, na aliuliza kama mtu aliyeyabeba maswali yale kwa muda mrefu hadi yakaota mizizi. Nani amechanjwa hiyo kabla ya hawa? Inafanya nini ikishaingia? Kwa nini watoto, kwa nini isiwe watu wazima? Atazaa?

"Akitaka atazaa. Wasichana wengi mno wamechanjwa kabla yake, wamekua, wamezaa."

"Itamuuma?"

"Mkono utamuuma siku moja mbili. Wengine huona kizunguzungu, ndiyo maana tunawakalisha kwanza. Wengine homa kidogo."

"Na hiyo saratani, ikimpata asipochanjwa?"

"Si lazima impate. Lakini nimewaosha waliopatwa, mama."

Mama akashusha miguu chini, akatafuta kandambili zake kwa vidole. "Sawa. Mimi umeniuliza. Yeye mwenyewe umemuuliza?"

Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tulimwita Kasuku, akaja na kipande cha mkate mdomoni, amevaa sare ya shule. Dada akamweleza yote tena, na mkate ukasimama shavuni. Nilisubiri maneno ya Kasuku, maana hajawahi kukosa. Alikaa kimya kiasi kwamba nilisikia bomba la jirani linavyodondosha maji.

"Bibi atakuwepo?" akauliza.

"Nitakuwepo," mama akasema.

Walichanjia kwenye darasa la mwisho, lile lenye bati linalovuja. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, ikabaki meza moja yenye kitambaa cheupe, boksi la barafu, na viti viwili. Nje kina mama walikuwa wamejaa madirishani kama wanaotazama mpira. Mama wa mapacha alikuwa mbele kabisa. Fundi cherehani alisimama nyuma, ameshika mkono wa binti yake, na niliona ameuvisha mkono ule sweta zito, kana kwamba bado hajaamua. Muuza nyama hakuja.

Kasuku akakaa. Mama akakaa pembeni yake, akakunja mwenyewe mkono wa blauzi ya mtoto, mpaka begani, taratibu. Dada akamwonyesha mama kichupa. Akamwonyesha sindano ikiwa bado kwenye mfuko wake, akaufungua mbele yake. Kila alichoshika alikitaja, na mtu wa zahanati aliyekuwa anamsaidia akaanza kutazama saa. Dada hakumjali.

"Niendelee?" akauliza.

Alimuuliza Kasuku, lakini aliyeitikia kwa kichwa kwanza ni mama. Kasuku akafuata. Ikaingia, ikatoka, ikabaki pamba.

"Ndiyo hiyo tu?" akasema Kasuku. "Mbona mama mdogo akinisuka inauma zaidi!" Dirishani wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ingawa ni mimi niliyetukanwa. Mama wa mapacha aligeuka kuwatafuta mapacha wake. Fundi cherehani alianza kufungua vifungo vya sweta. Nilijua dada ameshinda, nikamtazama ili tufurahi pamoja, lakini alikuwa anamtazama mama.

Mama hakuinuka kwenye kiti. Kasuku alishatoka nje kujigamba, na kiti chake kilikuwa kinamsubiri mwingine, lakini mama aliendelea kukaa, mikono juu ya mapaja, anaitazama ile meza nyeupe.

"Mama, umechoka?" dada akauliza.

"Sijachoka." Akainamisha kichwa, akashusha sauti ili wa dirishani wasisikie. Mimi nilisikia kwa sababu nilikuwa nyuma ya kiti chake. "Wewe umesoma. Hebu niambie. Walionifunga, wanaweza kunifungua?"

Dada akaweka chini pamba aliyokuwa ameishika.

"Najua umri wangu," mama akasema. "Sitaki mtoto, nitampeleka wapi? Nataka nifunguliwe tu."

Mtu wa zahanati akamwita anayefuata. Dada akamwonyesha kwa mkono asubiri. Akavua glavu, akaziweka mezani, akakaa kwenye kile kiti kitupu kando ya mama, na foleni yote ikasimama mlangoni.

"Hapana, mama," akasema. "Sasa hivi haiwezekani tena."

"Haya," akasema mama. "Asante kwa kuniambia."